Usiioshe

Jumamosi, Tbilisi, kwenye Daraja Kavu,
Nugzari Kapanadze ametandaza blanketi la jeshi
na juu yake, katika makopo ya sigara,
wafalme wamelala kifudifudi na kingalingali.

"Futa jasho kwanza," ananiambia.
"Jasho ni chumvi, na chumvi haijui daraja la mtu.
Kisha mshike ukingoni, hivi, kwa vidole viwili.
Shavu usimguse.
Hata mkewe hakumgusa shavu kila siku."
Anacheka peke yake.

Mimi nimekuja na abazi ya fedha
ndani ya soksi ya mtoto.
Ni ya bibi yangu, Babale,
aliyeificha kwenye unga vita vikija,
akaihamishia kwenye mto vita vilipokwisha.
Jana usiku niliisugua kwa dawa ya meno
ikang'aa kama kijiko cha harusi.
Nilitaka aione imevaa vizuri.

Nugzari anainamisha kioo chake.
Anakaa kimya muda wa basi mbili kupita.
"Nani aliiosha?"
"Bibi," nasema,
na bibi yuko kaburini Gori, hawezi kunikana.

"Basi mwambie bibi yako," anasema polepole,
"kwamba fedha hujishonea koti.
Kijivu kifuani, zambarau ukingoni,
uzi mmoja kwa mwaka.
Mkono mmoja na mswaki mmoja
vimeivua miaka mia mbili kabla ya kulala.
Ona mikwaruzo hii, yote inaelekea upande mmoja,
kama mvua yenye upepo."

Ananipa kioo. Naiona mvua.

"Ukitaka kujua imechakaa kiasi gani,
usianze na maandishi. Anza na vilele:
taji, nywele, pua.
Aliye juu mngoje chini;
sarafu zililijua hilo kabla yetu.
Bondeni hata ya kale hubaki mpya.
Na ya kughushi, iliyomiminwa kwenye kalibu,
ina vipele vidogo kama ngozi ya kuku,
na mshono ukingoni ambao tupa imejaribu kuusahaulisha."

Mteja anasimama, kofia ya ngozi, pete tatu.
Anataka rubo ya dhahabu.
Macho yake yameshalipa kabla ya mfuko.
Nugzari anampandishia bei bila aibu,
kisha, yule akiondoka, ananiegemea:
"Umeona? Ukiipenda moja, ulizia jirani yake.
Na usinunue hadithi.
Daraja hili lote, kila muuzaji ana shangazi
aliyefua mashuka ya mfalme.
Mizani haina shangazi."

Anaweka abazi ya bibi kwenye mizani.
Gramu tatu na nukta.
Anaisimamisha kwenye ncha ya kidole,
anaigonga kwa kalamu ya risasi,
nayo inaimba, nyembamba, ndefu,
mpaka mwenye samovari wa pembeni anageuka.

"Ya kweli," anasema. "Ikiwa chafu, lari mia tatu.
Hivi ilivyo, sitini. Na sitaki kukupa sitini."

Akanifungia kwenye bahasha ya karatasi.
Plastiki laini, alisema, hutoa jasho baya kuliko lako.

Ninaishi Abanotubani, juu ya hamamu za salfa,
mahali ambapo pete za ndoa huwa nyeusi
na wageni hufunga madirisha.
Mimi nimelifungua langu.
Abazi iko juu ya kitambaa, karibu na kioo.
Kuna njia ya mkato, ya yai lililochemshwa;
Nugzari alinikataza: "Umeshaharakisha mara moja."

Ni mwezi wa nne sasa.
Chini ya tawi, karibu na ukingo,
kumekuja umanjano,
mwembamba kama chai iliyokaukia kikombeni.
Nilikwenda darajani kumwambia.
Hakuuliza sarafu.
Alikuwa anafuta kioo chake kwa shati.

"Bibi yako," alisema, "ameacha kusugua?"