Ujumbe wa Ijumaa

Kila Ijumaa saa kumi simu hutetemeka mfukoni mwa aproni
nami nina jinzi mapajani, mguu wa kushoto,
ya mia mbili na kumi tangu asubuhi.
Ni Mwalimu Mghoi, wa Kiingereza, gredi ya tisa.
Hutuandikia wazazi yaliyofanywa darasani wiki nzima.
Huandika kwa Kiingereza.
Nami Kiingereza nakijua kwa kukishona:
zile lebo za nyuma ya kiuno, herufi nyekundu,
nazinyoosha zisiende upande,
wala hazijapata kuniambia neno.

Basi nikifika Mikindani humpa mwanangu simu.
"Bwanaadi, nisomee, mwalimu asemaje?"
Husoma kimya, midomo ikichezacheza,
kisha hunitafsiria kwa sauti ya mtangazaji wa habari:
"Yuwasema naendelea vyema, mama.
Yuwasema tumesoma vitenzi.
Yuwasema nikila vizuri nitang'aa zaidi."
Nikamwongezea kiazi.
Muhula mzima nimemwongezea kiazi!

Kesi ya nyani nilimpelekea nani?
Heri angekuwa ngedere.
Ni nyani mwenyewe, kavaa joho,
kakalia kiti cha hakimu.

Aliyenifumbua macho ni Kadzo wa mashine ya saba,
aliyemaliza kidato cha nne
na cheti chake hadi leo kimeshikwa shuleni kwa deni la karo.
Tulikuwa twala mahamri, saa saba. Akaichukua simu,
akasoma, akaacha kutafuna.
"Mama Bwanaadi. Insha tatu hajapeleka.
Mdomo mwepesi, mkono mzito, ndivyo asemavyo huyu.
Na hii ya mwezi jana: mzazi, tafadhali jibu.
Na hii: mzazi, je, unapata ujumbe wangu?"

Hapo ndipo nilipoona haya, wala si kwa insha.
Ni kwa yule mwanamke aliyebisha hodi wiki kumi na mbili
nami nimo ndani,
na mtoto mlangoni akimwambia hakuna mtu.

Sikumpiga. Sikumwambia kitu.
Nilijifungia msalani kiwandani, nikabonyeza pa kurekodi:
"Mwalimu, hujambo. Mimi mamake Bwanaadi Shee.
Kiingereza sikijui, ila mtoto ni wangu.
Niambie kwa Kiswahili, hata maneno mawili, nitasikia."

Ikaja sauti yake, lafudhi ya Taita,
nyuma yake watoto wakiburuta madawati:
"Mama, asante. Wiki hii tumejifunza wakati uliopita.
Jumatatu nataka nusu ukurasa: kazi ya mzazi wangu.
Wewe mkalishe tu aandike. Mengine niachie."

Nikamkalisha.
Umeme ulikuwa umekatika, tukawasha taa ya simu, ile ile.
Nikahesabu mistari kama nihesabuvyo mishono: kumi na minne.
"Haya nisomee. Kwa hicho hicho Kiingereza."
"Lakini hukielewi, mama."
"Soma."

Akasoma. Nikafumba macho.
Miaka kumi na mmoja nasikiliza mashine;
sindano kabla haijakatika hubadili mlio.
Mstari wa nane, sauti yake ikabadili mlio.
"Hapo. Rudia."
Akaduwaa. "Umejuaje?"
Sikumjibu. Akafuta neno, akatia jingine,
akasoma tena,
uzi ukapita.

Insha ya pili bado iko nusu. Ya tatu, asema daftari liliroa mvua,
na mvua yenyewe mie sikuiona.
Tutafika tu.
Ila usiku ule, kabla hajafunga daftari, nilimuuliza:
"Jinzi umezitaja?"
"Nimezitaja."
"Ngapi kwa siku?"
"Nimeandika mia mbili."
Nikamrudishia kalamu.
Mia mbili na kumi, mwanangu.
Mwandikie mwalimu ukweli.