Unaniuliza Uje Lini

Ujumbe wako umefika, Mgaza.
Nimeusoma dirishani, pale simu inapokamata mtandao,
kiwiko kikiwa juu ya gunia la iliki:
"Dada, nije Amani mwezi gani?"
Kana kwamba hukuzaliwa huku.

Haya. Januari njia ni kavu.
Pikipiki ya Shekue hupanda kutoka Muheza bila kusukumwa,
vumbi jekundu hadi kwenye kope.
Ila msitu mwezi huo umenuna,
Sigi imekonda, mawe yameitoka kama mbavu,
wala hakuna sherehe, kuna ada za shule.

Masika usije.
Au njoo.
Mbingu hutoboka mwishoni mwa Machi,
nguo zilizofuliwa Jumatatu hukauka Ijumaa, zikinuka uyoga,
na ile kona ya juu ya Kisiwani huteremka mtoni yenyewe.
Lakini ndipo dughulushi huchanua mwambani,
kale kaua ka zambarau ulikokachuma
ukampelekea mwalimu,
akakuchapa kwa kuchelewa.

Julai, kipupwe. Ukungu huingia jikoni bila hodi:
mgeni wa siku ya kumi, na jembe hapokei.
Huko chini machungwa yamejaa matenga, bei ya kutupa,
na kila Jumamosi kuna harusi.
Kihiyo anaoza binti wa tatu,
ameshakopa masufuria yetu na hajayarudisha ya binti wa pili.

Ukitaka Maulidi usiniulize mimi, uulize mwezi.
Kila mwaka yanarudi nyuma siku kumi na moja,
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Mwaka ule yaliikuta masika:
turubai likajaa maji, likatumwagikia wakati wa kiyamu,
sote tumesimama,
na hakuna aliyekaa.
Matari yalilowa, yakalia kama ndoo.
Pilau tukalila darasa la tatu, chini ya jedwali la kuzidisha.
Ulikuwa na miaka tisa. Ulimaliza sahani mbili na ukoko wangu.
Ulisema kesho tena.

Sasa mwaka wa sita unaniuliza hali ya hewa.
Mwaka juzi ulihofia mvua,
mwaka jana jua,
mwaka huu wataka milimita, kama bwana shamba.
Mgaza, mvua ya Amani naijua. Haijapata kumrudisha mtu
aliyekuwa kweli njiani.

Mama hataji mwezi.
Anauliza tu kama bado unakunywa chai ya mdalasini bila sukari,
na kila vuli inapoanza
anakivuta kitanda chako, peke yake, hataki nimsaidie,
hadi upande usiovuja.

Njoo na viatu vya mpira.