Burashi Haijakauka

Tuliagizwa: mwenzako akinyolewa,
chako tia maji.
Hatukuambiwa maji hayo yakaukie wapi.

Huko Bergen, mji ambao mvua haipigi hodi
kwa kuwa haijawahi kutoka,
Torgunn anamnyoa baba yake, Halvard,
fundi wa injini za meli, miaka themanini na mitatu,
mkono wa kushoto umelala pajani
kama glovu ya mtu mwingine.
Kiharusi kilikomba maneno yote, kikasaza moja:
siyo.

Burashi yake ni ya singa za farasi,
nyeusi katikati, kingoni hafifu kama shayiri,
mkia wa Blakken, aliyevuta magogo ya babu
hadi trekta ilipokuja kumstaafisha.
Mpini ni wa mreteni. Ukiufumbata kitambo
bado unanukia mlima.

Wiki ya kwanza aliifungia mbichi
kwenye kibweta cha ngozi.
Siku ya tatu ilinuka soksi ya baharia.
Siyo, alisema mzee.
Akaisimamisha kikombeni, kichwa juu:
maji yakateremka shinani, yakailamba gundi,
singa saba zikabaki kwenye shavu lililonyolewa.
Siyo.
Akaiweka juu ya jiko la kuni.
Siyo, siyo! Mara hii kwa sauti ya chumba cha injini,
maana singa iliyokaangwa hukatika kama tambi.

Ikabidi ajifunze kwa kupita
palipobaki bila kukatazwa.
Suuza kwa maji ya uvuguvugu hadi utelezi uishe.
Kamua kwa ngumi laini, usisokote,
hili si tambara la deki.
Kung'uta mara tatu; mzee anahesabu kwa kope.
Ipanguse kwenye taulo, huku na huku,
kama anayefuta hesabu iliyokosewa ubaoni.
Kisha itundike, kichwa chini,
kwenye kulabu aliyoikunja kwa waya wa uzio,
kando ya dirisha lililoachwa wazi
upana wa kidole.
Siku hiyo alimtazama baba.
Baba alitazama burashi. Hakusema kitu.
Katika nyumba ile hajapata sifa
iliyokizidi kimya kile.

Leo gari la makao ya wazee limefika saa nne.
Masanduku mawili, redio, blanketi la kijani.
Asubuhi amemnyoa mara ya mwisho chini ya paa hili,
akikizunguka kidevu polepole
kama kibarua anayelipwa kwa saa.
Dereva, kijana aitwaye Sindre, anafuta viatu mlangoni.
Torgunn ananyoosha mkono kuitungua burashi.

Siyo.

Anaigusa. Singa za nje zimeanza kuachana,
lakini ndani, pale zinapobanana, kuna baridi,
kuna asubuhi bado.
"Nitakuletea kesho, baba."
Siyo.
"Basi niikunje kwenye taulo."
Siyo.
Sindre anatazama saa, anatazama mvua,
anauliza kitu kama hicho hukauka kwa muda gani.
"Mji huu?" anasema Torgunn.
"Mchana kutwa. Pengine na usiku."

Ratiba anaijua. Aliibandika mwenyewe kwenye friji.
Angeweza kumnyoa juzi.
Hajui kama alisahau
au mkono ulijifanya kusahau.

Sindre anapiga simu. Anasema kesho, saa nne.
Anataja sababu. Anairudia sababu: burashi.
Upande wa pili kuna kicheko,
kisha kinakoma.
Torgunn anateleka maji ya kahawa, vikombe vitatu.
Halvard amekigeuza kiti kwa mkono mmoja,
kinakwaruza sakafu, kinaelekea dirishani.
Huko, singa za pembeni
zinarudia rangi yake moja moja, shayiri, shayiri.
Katikati bado ni nyeusi.
Lakini katikati ya Blakken ilikuwa nyeusi tangu mwanzo;
kwa macho tu huwezi kujua.