Nyuma ya Kabati

Kabati la mahari yangu halikusogezwa
tangu lipandishwe ngazi na watu sita, wakitukanana,
hapa Kibokoni, orofa ya kwanza.
Mbele lina kioo na maua ya kuchonga.
Nyuma sikuwa na haja ya kujua.

Mwezi wa tano mvua ikanyesha siku tisa.
Nguo za Idi zikaingia kawa kwenye mikunjo,
viatu vya Twalibu vikaota manyoya ya kijani,
nasi tukacheka: Mombasa ndivyo ilivyo,
hata chumvi hapa hulia ndani ya kikopo.

Nikafukiza udi.
Harufu ikalala, ikaamka kabla yetu.
Nikaongeza ubani.

Hairiya, miaka minne, akaanza kukohoa
saa nane za usiku, saa nane zile zile,
kikohozi kikavu, kisha mluzi mwembamba
kama birika litakalo kuchemka lisichemke.
Kwa bibi yake Makadara hakohoi.
Wifi yangu akasema ni jicho. Jirani, ni barafu za ukwaju.
Mimi nikasema kitapita,
kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa rahisi.

Daktari alisikiliza kifua muda mrefu,
kisha hakuuliza juu ya mtoto. Aliuliza juu ya ukuta.
"Akilala, kichwa chake kinaelekea wapi?"

Jioni hiyo tukasogeza kabati.
Lo!
Ramani nzima, nyeusi, ina visiwa na ghuba,
laini kama mahameli, imepanda kutoka sakafuni
hadi usawa wa mto wa mwanangu.
Kumbe tuna mpangaji mwenzetu,
kodi halipi, pumzi tunagawana.

Mwenye nyumba akasema: "Pakeni rangi."
Tulipaka Shaabani iliyopita, na ile ya kabla yake.
Kumbe tulikuwa tukimvisha kanzu.

Basi tukaanza na maji.
Fundi Shekuwe akalikuta bomba la choo cha juu
likivujia ndani ya ukuta, kimya, miaka.
Mwenye nyumba alilipa nusu, baada ya simu kumi na moja.
Lipu iliyooza ikabanduliwa hadi kwenye jiwe,
Hairiya akiwa Makadara, madirisha wazi,
nami barakoa usoni, glavu mikononi, nasugua kwa sabuni.
Jiki peke yake, isikutane na dawa ya choo:
daktari alilirudia hilo mara mbili, kidole juu.
Godoro la sufi nikalifunga plastiki, nikalitupa.
Liliniuma. Lilikuwa la mama.

Sasa kabati limesimama shubiri moja mbali na ukuta,
kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini haendi.
Udi nafukiza Ijumaa tu, mtoto akiwa nje.

Mluzi haujaisha wote.
Ana kidude chake cha kuvuta dawa, cha buluu, amekiita Kasuku.
Saa nane naamka bila kuitwa,
naweka kiganja ukutani kwanza,
halafu kifuani pake.
Ukuta mkavu.
Kifua, ngoja, nasikiliza tena.