Uchungu wa Sukuma

Kazi yangu, Kasarani, ni kumwuliza nondo swali.
Mrija wa kioo, wenye panda kama ya manati:
upande huu pumzi ya jani la sukuma,
upande ule hewa tupu.
Namwachilia shinani, nazima taa, nabakiza nyekundu,
naandika anakokwenda.

Jana arobaini na mmoja. Thelathini na sita walifuata jani.
Wawili walipenda hewa tupu.
Watatu walikaa tu, kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati.

Jani lina ukali wake, ukoo mmoja na haradali,
na halikuutunga kwa ajili ya ugali wetu.
Ni ulinzi. Panzi akionja, anatema.
Kiwavi mgeni akila, anadumaa.
Ila huyu mmoja, mwembamba kama punje ya mchele,
wazee wake waliila sumu hiyo
mpaka ikawa harufu ya kwao.
Komeo aliloweka mwenye nyumba
yeye analisoma kama jina mlangoni.

Jioni napanda ngazi, Mwiki, hadi juu ya paa,
kwenye magunia ya Mama Kerubo.
Ananionyesha majani, matundu matupu, chekecheke.
"Wewe wa wadudu, hii ni nini?"
Majivu amemwaga. Pilipili amenyunyiza. Ameomba.
Nageuza jani: mayai ya manjano,
madogo kuliko chumvi, yamejipanga kando ya mshipa.
Namwambia jani likitafunwa halinyamazi,
linatoa harufu nyingine, ya kumwita nyigu
aje atage ndani ya kiwavi.

"Kwa hiyo linapiga yowe?"
"Kwa njia ya pua, mama."
Anacheka hadi anashikilia tangi la maji.
Kisha anageukia Dandora, kule kunakofuka.
"Na huku juu litasikiwa na nani?
Mimi mwenyewe sisikii harufu ya chai yangu."

Sina jibu. Sijawahi kutia moshi mrijani.

Ananikatia fungu, matundu na yote.
Nalikaanga kwa kitunguu, nalitoa mapema,
uchungu ukiwa bado umesimama.
Mwanangu Achesa, miaka minne,
anaonja, anakunja uso, anatema kama panzi.
Mimi naongeza.

Kesho nitamwuliza Simiyu
kama kuna chupa ya kubebea moshi.