Ukuta wa Mazoezi

Chuoni kwetu Arua kuna nyumba isiyo na paa.
Waashi huijenga kwa udongo, si saruji,
ili muhula ukiisha ibomoke bila ugomvi.
Katikati hapo ni zamu yetu:
mimi na nyaya, Drateru na mabomba.

"Umeme hausomi cheti," hunionya Mwalimu Onzima,
kisha huzima swichi kubwa, hupima,
hupima tena, ndipo huniruhusu kushika.

Drateru anasema maji ni mmbeya:
ukiacha tundu la sindano
yatakutangaza mpaka kwa majirani.
Jana kiungo chake kilivuja mbele ya darasa zima.
Hakusema neno. Akafungua, akazungusha utepe mweupe
kwenye meno ya bomba, akakaza kwa spana,
akachuchumaa dakika kumi
kulitazama tone lisilodondoka.

Leo tumeibomoa.
Nimezing'oa nyaya zangu, nimezikunja
kwa ajili ya wanaokuja.
Taa yangu iliwaka siku nne.

Nyumbani Maracha nguzo za umeme zimekomea sokoni.
Nimeingia chumbani kwa mama, giza tupu,
na mkono ukapanda wenyewe ukutani,
usawa wa bega, kushoto kwa mlango,
ukabonyeza udongo.

"Unatafuta nini huko?" mama akauliza.

"Mahali pake."

Akanyamaza kidogo.
"Basi paweke alama," akasema,
"kabla sijapapiga lipu."

Nikaitoa penseli sikioni.