Moja kwa Moja

Bahasha ina pauni mia na thelathini.
Nimezihesabu ndani ya basi, chini ya mkoba,
kama mwizi anayejiibia.
Dundee imeamka na mvua ile nyembamba
isiyonyesha wala kuacha,
mvua ya Tukuyu kabisa,
ila hii haina migomba ya kuidondokea.

Duka la Bwana Imrie limebanana na kinyozi.
Kabati la kioo, taa moja,
lenzi zimelala chali zikitazama dari.
Ile mpya, ya milimita mia na tano,
bei yake ni kodi ya nyumba miezi miwili.
Naiangalia kama harusi ya jirani.
Napita.

Unataka kupiga nini, ananiuliza.
Nyuki, nasema.
Nyuma ya dobi la hospitali, ninakokunja mashuka,
kuna kichaka cha urujuani ambacho hakuna aliyekipanda,
na saa ya mapumziko tunakigawana, mimi na wao.

Anatoa ya hamsini. Nyepesi, pauni tisini.
Lakini hii, anasema, itabidi umkaribie mno.
Naelewa kabla hajamaliza.
Hamsini huingia bila hodi:
kivuli cha mkono wako kinatangulia,
mwenye nyumba anatokea dirishani.
Lenzi ndefu husimama kizingitini, hubisha,
na nyuki, kwa kuwa ana shughuli zake, hajibu,
na huko kutojibu ndiko karibu yenyewe.

Halafu kuna pete za kurefushia,
tatu, za plastiki, pauni kumi na tano.
Nazichungulia: hazina kioo hata kimoja.
Ni hewa, anakiri. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbele.
Nacheka. Maji nimeshayanunua sana;
hewa, hii ndiyo mara ya kwanza.

Mwisho anapanda ngazi, anashuka na ya zamani:
tisini, chuma kitupu, imenizidi umri,
pete yake ya kulengea nzito kama jiwe la kusagia.
Haijilengi. Kioo cha nyuma kina kuvu,
kidogo, kama ukucha wa mtoto mchanga.
Na haifiki moja kwa moja, ananitahadharisha.
Nusu tu. Mdudu wa sentimita mbili,
ndani ya kamera anakuwa wa moja.

Moja kwa moja!
Mimi nilipita Nairobi, nikapita Istanbul,
nikapita ofisi tatu za viza na chumba kimoja kisicho na saa.
Nusu naijua. Nusu nimeishi nayo.

Rahisi ghali, ananionya dada yangu Tusekile,
ambaye hayupo, na ambaye katika bahasha hii
kulikuwa na mabati yake manne.
Kweli, dada. Lakini ghali nayo,
kuna siku huwa ghali tu.

Imrie anaifuta kuvu kwa kitambaa. Haitoki, iko ndani.
Anapunguza tano.
Mia na tano, pamoja na hewa.

Jumapili, magoti juu ya saruji iliyolowa,
najifunza ambalo hakuliuza:
anayesogea si lenzi, ni mimi.
Nyuma kidogo. Mbele, unywele.
Toa pumzi. Bana.
Upepo ukipita, ua zima linahama dunia.
Picha sitini na mbili; sitini na moja ni moshi.
Ile iliyobaki ni mguu,
mguu mmoja, vinyweleo vimejaa vumbi la manjano
kama mtu aliyetoka mashineni kusagisha.

Nikamtumia Tusekile. Akajibu usiku, bila salamu:
Mbona mguu tu?
Nyuki mwenyewe yuko wapi?

Yupo, dada.
Yuko papo hapo, ndani ya ukungu,
milimita mbili nyuma ya ninapoona.